Pleti juu ya chuma cha zamani, au kukata na kutia kipya? Njia za kuimarisha chesisi ya gari kuukuu

Gari liko juu ya stendi nne, na mimi nimelala chini yake na nyundo ndogo mkononi. Nagonga chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, kila baada ya upana wa kiganja. Upande wa usukani inalia vizuri: ti, ti, ti. Upande wa pili, karibu na hanga ya nyuma ya springi (chuma kinachoishikilia), mlio unageuka ghafla: pu. Nachukua bisibisi, nasukuma kwa vidole viwili tu, inazama hadi kwenye mpini, na kutu nyekundu inanimwagikia usoni. Nikishapangusa macho narudi upande ule uliolia vizuri. Huko nako tochi inanionyesha ufa mwembamba kama unywele, unaanzia kwenye tundu la bolti la boksi la stelingi na kupanda juu.

Gari moja, magonjwa mawili, na dawa ya upande mmoja haiufai upande wa pili. Watu wengi wakianza kazi hii swali lao la kwanza ni chuma cha unene gani waongeze. Mimi naanza kwingine: chuma kilichopo kimekufa au kimechoka? Kilichokufa kimeliwa na kutu, hakina tena unene wa kushika mshono. Kilichochoka bado kina unene wake wote, ila kimetikiswa mahali palepale miaka na miaka mpaka kikapasuka. Ukishajua kipi ni kipi, nusu ya maamuzi yanayofuata yanajiamua yenyewe.

Kufunika au kukata

Kufunika ndiyo njia inayopendwa, na sababu zake si mbaya. Unasafisha, unakata pleti, unaibana, unachomelea pande zote. Chesisi haijakatika hata dakika moja, kwa hiyo vipimo vya gari havihami. Huhitaji kutegemeza bodi wala kupima mishazari mara tatu. Kazi ya kipande chenye urefu wa mkono mmoja inamalizika siku moja, na jioni gari linatembea.

Shida iko ndani, kati ya tabaka mbili. Pleti na chuma cha zamani havigusani sawasawa. Hubaki nafasi nyembamba ambayo brashi haifiki na rangi haiingii. Maji yakipata upenyo mdogo kama wa sindano yanaingia kirahisi na kutoka hayatoki. Kutu inaanzia katikati, inanenepa, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, inaisukuma pleti kwa nje mpaka inatuna kama tumbo. Nje umepaka rangi nyeusi inayong'aa, ndani kunaoza kwa kasi kuliko mwanzo.

Kama chuma cha chini kimeshakufa, kufunika ni kuchomelea pleti nzima kwenye karatasi. Mshono wote unakuwa mzima upande wa pleti, na upande wa pili umeshika kitu cha unene wa bati la kopo. Na tundu la kutu halina mpaka pale jicho linapouona. Sugua kwa grainda mpaka chuma king'ae, kisha endelea kugonga kwa nyundo ya ncha kuelekea sehemu nzuri. Mara nyingi tundu la ukubwa wa sarafu linaishia kuwa la ukubwa wa kiganja. Mshono lazima utue kwenye chuma chenye unene wake kamili, na kama huwezi kukipata, kufunika si chaguo tena.

Kukata kunadai zaidi. Kwanza unapima: mishazari miwili ya chesisi, kutoka bolti hadi bolti, unaandika ukutani kwa chaki. Unategemeza pande zote mbili za mahali utakapokata. Unatengeneza kipande kinacholingana na kilichotoka, unaacha nafasi ya karibu milimita moja au mbili ili mshono uzame hadi ndani, na ukiweza unaweka utepe wa chuma nyuma yake. Mkato wa wima ulionyooka siupendi. Mkato wa mshazari unagawa mzigo kwenye urefu mkubwa zaidi. Faida yake kuu ni kwamba unabaki na tabaka moja, na ukishafungua unaona ndani. Mimi nilipokata upande wangu uliokufa nilikuta tope gumu limejaa sentimita nne kutoka chini, yaani chesisi ilikuwa imelala kwenye maji kwa miaka. Ningefunika juu nisingelijua tope hilo milele.

Kwa hiyo kwa kutu, nakata. Kwa ufa kwenye chuma kizima, nafunika. Lakini kufunika nako kuna namna yake, na hilo nililijua baada ya kuaibika.

Pleti ya mstatili iliyonifundisha adabu

Chesisi ya kwanza niliyoiimarisha ilikuwa na ufa ubavuni. Nilichukua pleti nene, nene mara mbili ya chesisi yenyewe, nikaikata mstatili safi, nikaichomelea kuzunguka pande zote nne. Mshono ulilala kama magamba ya samaki. Nilipiga picha. Miezi michache baadaye ufa mpya ukatokea, na haukutokea pale pa zamani. Ulikuwa umefuata mwisho wa pleti yangu, wima, kando kabisa ya ule mshono niliojivunia.

Kabla ya pleti, kipande chote cha chesisi kilikuwa kinajipinda kidogo kidogo kwenye urefu wake. Nilipoongeza pleti nene nilikifanya kipande kimoja kigumu kama jiwe, basi kujipinda kote kukahamia pale ugumu unapoishia. Mahali penyewe nilikuwa nimepachoma moto kwa mstari mmoja wa wima, na pembeni mwa mshono arki, yaani cheche ya umeme inayoyeyusha chuma, ilikuwa imekula kijifereji kidogo. Ugumu unaoisha ghafla, chuma kilichobadilishwa na joto, na kijifereji cha kuanzishia ufa: vyote kwenye mstari mmoja. Hata ningekusudia kuikata chesisi, nisingechagua mahali bora.

Tangu siku hiyo pleti zangu zina ncha. Nazichonga kama almasi, au nazikata mwishoni kama mdomo wa samaki aliyefungua kinywa, ili ugumu upungue polepole. Unene ni ule ule wa chesisi au pungufu kidogo; chesisi ya milimita 3 inapata pleti ya milimita 3, hata kama nina ya 6 imejilaza pembeni. Mishono mirefu inakwenda na urefu wa chesisi. Midomo ya chesisi, yaani kingo zake bapa za juu na za chini, ambako mvutano na mgandamizo wa kupinda ni mkubwa zaidi, siivuki kwa mshono wa kukatiza. Watengenezaji wengi wa malori hukataza kutoboa au kuchomelea midomo hiyo, na sababu ni hiyo hiyo.

Ufa wenyewe hautafunikwa ukiwa hai. Unautafuta unapoishia, unatoboa tundu la milimita 3 mbele kidogo ya ncha yake ili usiendelee kutembea, unauchimba kwa grainda uwe na umbo la V, unaujaza, unasawazisha. Baada ya hapo ndipo pleti inakuja. Na usisahau kuuliza ufa ulitoka wapi. Wangu wa boksi la stelingi ulitokana na bolti zilizolegea pamoja na matairi mapana kuliko ya kiwandani. Kila ulipogeuza usukani gari likiwa limesimama, boksi lilikuwa linachezesha ukuta wa chesisi. Nimeweka vipande vya bomba ndani ya chesisi, ambamo bolti zinapita, ili ukiikaza nati kuta mbili zisivutwe kukaribiana. Bila mabomba hayo pleti ingekuwa pambo tu.

Chesisi ya umbo la C: pleti ya ubavuni au kuifunga iwe sanduku

Magari mengi ya zamani ya mizigo yana chesisi ya ngazi yenye mihimili miwili ya umbo la C. Hapa mtu ana njia mbili: kubandika pleti ubavuni, au kufunga upande ulio wazi ili C iwe sanduku.

Tofauti yake si ndogo. Chukua chuma cha C chenye kimo cha milimita 100, midomo ya 50 na unene wa 3. Ukipiga hesabu ya uwezo wake wa kukataa kusokotwa, kisha ukaufunga upande wa wazi kwa bati la unene ule ule, sanduku linalopatikana linakataa msokoto zaidi ya mara 400 kuliko C. Kwa kupinda juu na chini ongezeko ni dogo sana kuliko hilo. Kwa hiyo kama tatizo lako ni mzigo mzito unaolaza chesisi, kuifunga sanduku hakukupi kile unachokidhani. Kimo ndicho kinachosaidia kwenye kupinda. Kama tatizo ni gari kujisokota, milango kulia kwenye barabara mbovu, kioo cha mbele kupasuka chenyewe, basi sanduku ndilo jibu.

Lakini fundi mkongwe mmoja aliwahi kunizuia nikiwa na bati mkononi. "Kijana," alisema, "umeshajiuliza kwa nini aliyeiunda aliiacha wazi?" Chesisi ya C kwenye lori imeachwa ijisokote makusudi, ili magurudumu yote yabaki chini kwenye njia isiyo sawa. Ukifunga kipande cha katikati tu, msokoto wote unahamia kwenye viungo vya vyuma vya kukatiza na riveti zake, na hizo ndizo zitakazolegea. Zaidi ya hayo, umetengeneza sanduku ambalo halikuwepo, na kila sanduku linahitaji tundu la kutolea maji.

Kwa hiyo: kwa gari dogo lenye chesisi ya ngazi, linalotumika barabarani na lenye injini ya nguvu kuliko ya awali, nafunga sanduku kuanzia chuma kimoja cha kukatiza hadi kingine, si kuishia hewani. Kwa lori au gari la mizigo linalopita njia mbaya, nabaki na pleti ya ubavuni mahali penye ufa peke yake.

Gari ambalo bodi ndiyo chesisi

Gari dogo la kawaida halina mihimili miwili unayoweza kuigonga kwa nyundo. Sakafu, vizingiti vya milango, nguzo na paa vinabeba mzigo kwa pamoja, na bati lenyewe mara nyingi ni la milimita 0.8 hadi 1.2 tu. Hapa pleti nene ni adui kuliko kwenye chesisi ya ngazi.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni Ford Mustang ya 1965 na Chevrolet Camaro ya 1967 hadi 1969. Ya kwanza ina mihimili mifupi mbele na mingine nyuma, na katikati ni sakafu tu. Ya pili ina fremu ya mbele iliyofungwa kwa bolti kwenye bodi, nayo nyuma ni bodi yenyewe. Watu huunganisha mbele na nyuma kwa mabomba ya mraba chini ya sakafu, na swali linakuja: yafungwe kwa bolti au yachomelewe?

Ya bolti yana raha zake. Unaweza kuyatoa, hayachomi zulia, hayahitaji fundi wa moto, na ukikosea hujaharibu gari. Lakini tundu la bolti kwenye bati la milimita moja linapanuka. Baada ya muda bomba lina mchezo wa nywele chache, na mchezo wa nywele chache kwenye kitu kilichowekwa ili kuzuia mchezo ni sawa na kutokuwepo. Ukichagua bolti, weka pleti za kutandaza mzigo pande zote mbili za bati, na mirija ndani ya kila sanduku.

Ya kuchomelea yanakuwa sehemu ya gari. Yanashika sakafu kwa urefu wake wote, na hapo ndipo ugumu halisi unapatikana, kwa kuwa hata sakafu inaingizwa kazini. Sharti ni moja: gari liwe limesimama kwa uzito wake juu ya magurudumu au juu ya stendi zilizo chini ya ekseli, si limening'inia kwa jeki katikati. Ukilichomelea likiwa limejikunja, umeligandisha hivyo hivyo, na mlango utakaokukatalia kufungwa utakukatalia siku zote. Hapa nachagua kuchomelea bila kusita, isipokuwa kwa gari la nadra ambalo mwenyewe anataka kulirudisha kama lilivyotoka kiwandani.

Kuna pia magari ambayo udhaifu wake uko mahali pamoja panapojulikana. BMW E46, moja ya matoleo ya 3 Series, ni mojawapo: sakafu ya nyuma, pale fremu ya ekseli inapofungwa, hupasuka kuzunguka maungio. Kwa gari kama hilo usipoteze chuma kwingine. Pleti zilizofinyangwa kufuata umbo la mahali hapo, zenye matundu ya milimita 8 ya kujaza kwa mshono katikati na mishono mifupi pembezoni, zinafanya kazi zaidi kuliko mabomba marefu chini ya gari.

Sehemu moja ya kuacha kabisa ni pua ya gari. Kwenye magari mengi yaliyoundwa kuanzia miaka ya 1970, mihimili ya mbele ina mikunjo au matundu yaliyowekwa ili ijikunje gari likigonga. Ukiipigia pleti, gari halitajikunja. Utakayejikunja ni wewe.

Moto gani?

Hapa ndipo mabishano ya gereji huwa makali, na mengi hayana msingi. Kila mashine ina unene wake.

Mashine ya rodi ni ngumu, rahisi, haiogopi upepo. Kwa chesisi ya milimita 3 na kuendelea, rodi ya milimita 2.5 kwa ampea 60 hadi 90 inazama vizuri na inasamehe uchafu kidogo. Rodi ya 6013 inawaka kirahisi na gamba lake linabanduka lenyewe. 7018 ni imara zaidi. Tarakimu mbili za mwanzo ni nguvu ya mshono kwa maelfu ya pauni kwa inchi ya mraba, 60 kwa ile na 70 kwa hii. Ila 7018 inataka ukavu. Ikinyonya unyevu inaingiza hidrojeni kwenye mshono, na mshono unaweza kupasuka baadaye ukiwa umeshapoa na kupakwa rangi. Pakiti iliyokaa wazi juu ya kabati tangu mwaka jana si 7018 tena, hata kama imeandikwa hivyo.

Kwenye bati la milimita moja rodi ni balaa. Utaweza kudonyoa, lakini kila mdonyo wa tatu ni tundu, na tundu unalijaza kwa joto jingine linalofungua tundu la pili. Nimeshawahi kuanza na tundu la kidole na kumaliza na dirisha.

Mashine ya MIG, inayosukuma waya yenyewe huku gesi ikiukinga mshono, ndiyo ninayoishika kwa bodi zote na kwa chesisi nyingi. Waya wa milimita 0.6 kwa bati jembamba, 0.8 kwa chesisi. Gesi mchanganyiko wa agoni na kaboni dioksidi inatoa mshono laini na cheche chache. Kaboni dioksidi peke yake inazama zaidi lakini inatapakaza matone. Lita 8 hadi 12 kwa dakika zinatosha ndani ya banda, na upepo ukiingia tu mshono unatoka na vitundu kama mkate. MIG ina ubaya mmoja wa hatari: inadanganya. Inaweza kulaza mshono mnene na mzuri juu ya chuma kilicho baridi bila kuzama hata kidogo. Rodi ikiwa baridi inakwama, unajua. MIG ikiwa baridi inakusifia.

Ndiyo maana kabla ya kugusa gari nachomelea vipande viwili vya unene ule ule, nabana kimoja kwenye jiliwa, napiga kingine kwa nyundo mpaka kijikunje. Chuma kikichanika pembeni ya mshono, niko tayari. Mshono ukibanduka wote kama gundi iliyokauka, naongeza umeme na kurudia. Dakika tano hizo zimeniokoa mara nyingi kuliko kofia ya kuchomelea ya bei kubwa.

Kuna waya wenye dawa ndani, usiohitaji gesi. Ukifanyia kazi nje na huna njia nyingine, sawa, kwa chesisi. Kumbuka kwa kawaida unabadilishana ncha za umeme, chanya na hasi, kwenye mashine, na gamba lake lazima lisuguliwe. TIG, inayotumia ncha ya tungsteni na waya unaoulisha kwa mkono, ni nzuri mno na polepole mno. Chini ya gari kuukuu lenye mafuta ya miaka 30 kwenye kila mshono, ni adhabu. Moto wa oksijeni na asetilini unatandaza joto eneo kubwa na kukunja bati, kwa hiyo nimeuachia kazi ya kulegeza nati. Kuunganisha kwa shaba, kwenye chesisi, hapana.

Jambo moja linalopunguza wasiwasi: gari la zamani kwa kawaida ni chuma laini, kinachochomeleka. Magari ya karibuni yana vyuma vigumu, vingine vyenye boroni na nguvu ya megapaskali 1,500 hivi, na joto la mshono linaua ule ule ugumu uliowafanya watengenezaji wavichague. Usichukue mazoea ya gari la 1975 ukayapeleka kwenye la 2015.

Mwenyewe au fundi

Kukata kutu, kusafisha, kutengeneza pleti kwa kadibodi kwanza na kisha chuma, kupaka rangi: hayo yote mwenye gari anaweza, na ndiyo saa nyingi za kazi. Mishono iliyo karibu na springi, stelingi, breki na mikanda ya viti ni habari nyingine. Ukaguzi wa magari Uingereza huchukulia sentimita 30 kuzunguka maungio hayo kuwa eneo la hatari na hutaka kiraka kilichochomelewa hapo kiwe na mshono mfululizo, isipokuwa pale kiwanda chenyewe kilipotumia madoa, yaani vidoa vya mshono vilivyoachana. Hata usipokaguliwa na yeyote, sentimita 30 ni kipimo kizuri cha kujiuliza kama mkono wako umefika. Mimi wa upande wa hanga nilimwachia mwenzangu mwenye mkono kuliko wangu. Nilikata, nikabana, nikashikiza kwa madoa, yeye akamaliza.

Yeyote atakayeshika moto, betri ifunguliwe na klempu ya ethi iwekwe karibu na mshono, kwenye chuma kilichong'arishwa, si kwenye bampa la mbele huku unachomelea nyuma. Umeme ukitafuta njia utapita kwenye beringi za magurudumu. Tangi la mafuta na mabomba yake vitoke. Lami ya chini ya sakafu ikwanguliwe sentimita kumi kila upande, na mtu akae ndani ya gari na maji, macho kwenye zulia, kisha gari lisiachwe peke yake nusu saa baada ya mshono wa mwisho. Usisafishe kwa dawa ya breki yenye klorini. Ikikutana na arki inatoa fosjeni, gesi iliyotumika kama silaha vitani. Bati lenye zinki lisuguliwe kwanza: zinki inachemka kwa nyuzi 907 wakati chuma kinayeyuka karibu na 1,500, kwa hiyo unayoivuta puani ni zinki, na usiku utatetemeka kwa homa.

Na usichomelee kwa mfululizo ukidhani ndio uimara. Mshono ukipoa unavuta. Sentimita mbili hapa, unahamia upande wa pili, unarudi kati, mpaka vipande vifupi vikutane. Kwenye kizingiti cha mlango, chomelea bomba la muda kutoka nguzo hadi nguzo kabla hujakata, na baada ya kila kipande funga mlango uone nafasi yake imebaki ile ile.

Baada ya moto

Mshono hauna rangi, na joto limeunguza rangi ya ndani pia. Kwenye tabaka mbili napaka praima ya zinki kabla ya kubana, kwa wepesi, mbali na mstari wa mshono. Nje gundi ya mishono, praima, rangi. Ndani ya sanduku naingiza nta kwa bomba refu lenye tundu za pembeni, mpaka idondoke kwenye matundu ya maji. Isipodondoka, matundu yameziba na kazi haijaisha.

Gari langu sasa haliko sawa pande mbili. Upande wa usukani una pleti ya almasi ya milimita 3 na mabomba manne ya bolti. Upande wa pili una kipande kipya cha nusu mita, tabaka moja, chenye mikato ya mshazari, na tundu la maji nililoliongeza mwenyewe. Baada ya kilomita mia chache nililala tena chini yake na tochi na brashi ya waya. Mishono ya katikati niliipita tu. Niliangalia ncha za pleti, moja moja, na pale chuma kipya kinapokutana na cha zamani. Kwenye ncha ya juu ya almasi rangi ilikuwa na mstari mwembamba. Niliikwangua kwa ukucha, moyo ukinidunda, na chini yake chuma kilikuwa kizima: rangi tu ilikuwa imepakwa nene mno.